Safari ya baiskeli bonde la mto Loire, Ufaransa: someni kabla ya Jumamosi

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Tunakutana stesheni ya Blois Jumamosi saa mbili asubuhi. Mbili ya kweli, si ile yetu ya harusini.

Siku ya kwanza tunapitia Chambord. Njia ni tambarare, sehemu kubwa haina magari. Kasri lile Mfalme François wa Kwanza alianza kulijenga 1519, na msiondoke bila kuona ngazi zake mbili zinazozungukana: mmoja anapanda, mwingine anashuka, na hawapishani popote. Jumapili ni Amboise, alikofia Leonardo da Vinci mwaka huohuo wa 1519.

Ila mimi macho yangu yako Candes-Saint-Martin, tutakakofika baadaye, pale mto Vienne unapoingia Loire. Kijiji kidogo cha mawe meupe, kanisa kubwa kuliko kijiji chenyewe. Hapo tutakaa, hata kama mtalalamika.

Chakula: maduka ya vijijini hufunga mchana, na mengi hayafunguliwi Jumatatu. Nunueni mkate asubuhi. Mkiingia dukani semeni “bonjour” kwanza, la sivyo mtahudumiwa kwa uso wa mbuzi.

Watoto chini ya miaka 12 lazima wavae helmeti, ni sheria ya Ufaransa. Kila mtu abebe tyubu ya akiba inayoingia gurudumu lake. Pampu ninayo moja. Mwenye nyingine aseme hapa. Majina ya malazi nayafunga Alhamisi usiku.