Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: tufundisheni kulisha kwa mpira kabla ya ruhusa

Shikamoo Mheshimiwa Daktari,

Naandika kutoka Tukuyu, namuuguza mama yangu ana kansa ya koo, chakula hakishuki hata maji yanarudi, wakamtoboa tumbo wakamwekea mpira wa kulishia. Operesheni ilienda vizuri na nawashukuru waliomhudumia. Ila siku ya ruhusa tuliambiwa tu mpeni uji mwepesi na maziwa, basi. Uji upi? Kiasi gani, mara ngapi? Mtu mzima ukimshindisha na uji wa maji maji tumbo linajaa lakini mwili unaisha unamuona kabisa.

Na huku Rungwe chakula kipo jamani! Ndizi, viazi, maparachichi, maziwa, mayai, karanga. Nesi mstaafu wa mtaani kwetu ndo alikuja kunionyesha, unachemsha kila kitu mpaka kilainike, maharage unamenya maganda, unasaga kwenye blenda kwa supu au maziwa sio maji matupu ili chakula kisipungue nguvu, unatia kijiko cha mafuta, halafu unachuja kwa chujio la chai mara mbili kwa sababu kipande cha ganda la harage kinatosha kuziba mpira, na mpira ukiziba hapo ni kutafuta nauli ya Mbeya usiku usiku. Mgonjwa unamkalisha, unasukuma polepole, unasafisha mpira kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kabla na baada, na asilale mpaka ipite kama nusu saa. Kilichokaa nje zaidi ya saa mbili unamwaga, hata kama roho inauma.

Sasa wasio na nesi jirani wanafanyaje? Na mipira haifanani, ule wa puani ni mwembamba unaziba haraka, na kuna wengine mpira wao unaishia kwenye utumbo mdogo badala ya tumboni, hao hawafai kupewa chakula cha kusaga nyumbani mpaka daktari aseme. Familia tutajuaje mpira wa mgonjwa wetu umeishia wapi kama hatujaambiwa?

Ombi langu ni moja Mheshimiwa. Agiza mgonjwa asitoke wodini na mpira mpaka afisa lishe au nesi amekaa na anayemuuguza, wamesaga na kulisha pamoja angalau mlo mmoja, na aondoke na karatasi ya Kiswahili yenye aina ya mpira, vyakula, kiasi cha kila mlo na namba ya kupiga ukiziba. Blenda ya wodi sio kitu kikubwa kwa mkoa. Na wale wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa mpango uliozinduliwa 2024 wafundishwe pia, maana wao ndo wanafika mpaka vijijini huku.

Karatasi ikitoka niko tayari kuisambaza kwenye magrupu yote ya Tukuyu na Kyela. Nasubiri majibu yako.

Mimi mwananchi wako,
Tukuyu