Barua kwa mwanangu daktari

Bombo, Ijumaa, baada ya Isha

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Huku sisi wazima. Goti la mama yako limetulia, anakusalimu sana, na anauliza unalala saa ngapi. Hilo utamjibu mwenyewe.

Usiku ule nilipofuatana nawe Kisenyi, huko Kampala, sikufungua mdomo mpaka tulipoachana kituo cha teksi, ukadhani nimechukia. Kweli, nilikuja na hasira zangu. Nilijiuliza, mtoto tumemsomesha kwa kuuza mpaka mbuzi wa mwisho, leo anabeba begi mgongoni kama mchuuzi, anachuchumaa kando ya mfereji wa Nakivubo kupima watu wanaolala nje kwa tochi ya simu? Hospitali ya Mulago si ipo?

Halafu nikamwona yule kijana mwenye homa. Kipimo cha malaria kilipotoa mistari miwili, mimi ningemhesabia vidonge 24, vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu, tukaachana. Wewe ukamuuliza amekula nini. Hakuwa amekula kitu. Ukatoa karanga mfukoni, umezifunga kwenye kikaratasi vile wanavyofunga akina mama wa sokoni, ukamwambia atafune kwanza, maana dawa ile mwili hauipokei vizuri tumbo likiwa halina mafuta. Nimekuwa dresa jeshini miaka 19 na karanga hazikunijia akilini hata siku moja.

Tena hukumpa vidonge vyote. Ulimpa vya kuanzia tu, kwa kuwa mvua ikija au wakifukuzwa alfajiri, mfuko wake ndio wa kwanza kupotea. Vingine ukasema utamletea kesho saa mbili usiku, hapo hapo. Hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Mwaka 1997 tulikuwa upande wa Gulu, watu wametolewa vijijini wanalala kambini. Mzee mmoja hata kibanda hakupata, alilala chini ya mwembe, ana kidonda kwenye muundi. Nikamwosha kwa maji ya chumvi, nikamfunga bendeji vizuri, nikamwambia kesho nitakuja kukufungua. Kesho yake nikatumwa kwingine. Nilirudi siku ya sita. Bendeji ilikuwa vile vile, fundo langu halijaguswa, na harufu niliipata kabla sijamfikia. Kufungua, funza. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini hakuitoa, na ana mikono miwili mizima. Akajibu kwa Kiacholi, mtoto mmoja akanitafsiria: "Alisema atafungua yeye."

Mtu mwenye nyumba ukimkosa leo, kesho utabisha hodi. Hawa wako hawana mlango wa kubisha. Wana saa uliyowatajia na mahali ulipowaonyesha, basi. Kwa hiyo kama siku huna hakika nayo, usiitaje. Sema nitakuja nikijaliwa, na umaanishe hivyo, si ile "inshallah" ya kumwondoa mtu mlangoni. Na yule mwenye kikohozi, ikithibitika ni kifua kikuu, dawa zake ni miezi sita. Kabla ya kidonge cha kwanza ujue nani atamwona akimeza siku ambazo wewe uko zamu.

Ulinisimulia habari za yule daktari wa Pittsburgh huko Marekani, Jim Withers, kwamba alipoanza kuzunguka usiku kutibu wanaolala nje mwaka 1992 alivaa kama wao, na aliyemwongoza ni mtu aliyewahi kulala nje. Kuhusu mavazi sina neno, ingawa mama yako akikuona hivyo atalia. Lakini huyo kiongozi ndiye dawa yenyewe. Kijana wako anayekuonyesha njia nyuma ya soko la Owino anajua nani amehamia wapi kabla jua halijachomoza. Mpe posho, isiwe soda tu. Siku umezuiwa wodini, yeye ndiye atakayekwenda kusema, "Daktari hajakusahau, ni keshokutwa."

Nimempa dereva wa teksi mzigo wako, kilo mbili za karanga, mama yako amezikaanga bila chumvi. Vikaratasi utafunga mwenyewe.

Na unijulishe, yule mwenye homa ulimkuta?

Ni mimi baba yako.