Yaya, pesa ya vidonge vya usingizi sitatuma

Liège, tarehe 9 mwezi wa 11

Yaya Nabintu, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, Mama, watoto wote na Shangazi. Sauti ulizonitumia nimezisikiliza zote, hata ile ndefu ya Jumapili. Nimesikia pia maneno aliyoyasema Kaka Mugisho mbele ya watu, kwamba Mama halali kwa sababu mtoto wake wa Ulaya amemsahau. Yameniuma, Yaya. Mambo ya parsele, kile kiwanja cha Nguba, yana siku yake na mahali pake. Asiyachanganye na ugonjwa wa Mama.

Umeniomba dola 50 za kuongeza vidonge vya usingizi. Za vidonge sitatuma. Nimetuma 80, lakini ni za vijiti vya kupimia sukari, betri ya ile mashine ndogo, na kumwona dokta wa sukari wiki hii. Kabla hujanikasirikia, soma mpaka mwisho. Unajua mwaka huu nimepewa kuongoza wauguzi wa zamu ya usiku, mimi mtoto wa Kadutu, Bukavu, kwenye wodi ya wazee wenye sukari, moyo na figo. Wazungu wananiuliza mimi nini cha kufanya mgonjwa asipolala. Basi na nyumbani mnisikilize.

Tuanze na dawa. Umesema unampa zote kwa pamoja saa 2 usiku baada ya sala, ili asisahau hata moja. Hapo ndipo usiku wake unapoharibika. Furosemidi, ile ya kutoa maji mwilini, inaanza kukojoza ndani ya saa moja, na inaendelea kwa saa 6 hivi. Akiimeza saa 2, itamwinua mpaka saa 8 za usiku, na kila akirudi kitandani usingizi unaanza upya. Mpe asubuhi akishaamka. Kama imeandikwa mara mbili kwa siku, ya pili isipite saa 8 mchana. Kipimo usikiguse, ni saa tu inayobadilika.

Miguu yake inavimba, na amlodipini, dawa yake ya tansiyo (shinikizo la damu), nayo inachangia. Maji yanayokaa miguuni mchana kutwa hurudi kwenye damu akilala, figo zinayatoa, anaamka kukojoa hata siku ambayo hakunywa kitu jioni. Kuanzia saa 9 alasiri alaze miguu juu ya kiti na mito kwa muda wa saa moja, ili maji hayo yatoke kabla ya giza. Usimnyime maji mchana kwa kuogopa usiku. Anywe ya kutosha hadi jioni, kisha apunguze baada ya chakula. Na umwekee ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda, pamoja na tochi. Choo cha nje usiku, kwenye zile ngazi zetu mvua ikinyesha, ndipo wazee wanapovunjika nyonga.

Sasa sukari. Ikipita kama 180 (mg/dl), figo zinaanza kuimwaga kwenye mkojo, na sukari haitoki bila kuvuta maji. Kwa hiyo mgonjwa mwenye sukari ya juu anakojoa usiku kucha, anaamka na kiu, anakunywa, anakojoa tena. Hakuna kidonge cha usingizi kitakachozuia jambo hilo. Lakini mimi kinachonitia hofu zaidi ni sukari ya chini. Glibenklamidi, dawa yake ya kushusha sukari, inakaa mwilini muda mrefu, na Mama anakula fufu kidogo saa 12 jioni, halafu hagusi kitu mpaka asubuhi. Ulisema anashtuka katikati ya usiku nguo zimelowa jasho, moyo unampiga, ameota ndoto mbaya. Baba Mdogo anasema ni mizimu. Yaya, kabla ya mizimu, mpime sukari.

Fanya hivi: kwa siku 3, saa 9 za usiku, umpime kidoleni, na pia kila akishtuka na jasho. Anawe mikono kwa maji na sabuni kwanza, aipanguse ikauke vizuri, kwa sababu mabaki ya ndizi au sukari kwenye kidole yanadanganya mashine. Choma pembeni mwa kidole, si katikati, maana pembeni haiumi sana. Ikiwa chini ya 70, mkoroge vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe, upime tena baada ya dakika 15. Ikibaki chini, rudia. Ikipanda, mpe kipande cha mkate au kiazi. Akiwa hajitambui usimmwagie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na hata kama imetokea usiku mmoja tu, asubuhi yake mpeleke kwa dokta na namba hizo, usimpe glibenklamidi ya jioni kabla hajaamua. Metformini, ile dawa nyingine ya sukari, peke yake kwa kawaida haishushi sukari namna hiyo, hiyo aendelee nayo pamoja na chakula.

Vidonge vya magoti. Tafadhali nipigie picha ya kile kikaratasi, mbele na nyuma. Kama kimeandikwa deksametasoni au prednisoni, hapo tumepata mwizi mwingine wa usingizi: dawa hizo zinapandisha sukari na tansiyo, na zikimezwa jioni macho hayafumbi. Farmasi nyingi za mtaani zinazitoa kama dawa ya maumivu kwa sababu zinapoza haraka. Lakini kama amezitumia zaidi ya wiki 3, asizikate ghafla, mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake ya aina hiyo. Dokta ampunguzie pole pole, na huku azimeze asubuhi. Kwa magoti ya usiku, parasetamoli gramu moja nusu saa kabla ya kulala, isipite gramu 3 kwa saa 24. Ibuprofeni hapana: tansiyo yake, figo zake, na ile furosemidi, vyote vinakataa.

Nyayo zinazowaka moto usiku ni mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sukari. Inamaliza usingizi kuliko magoti. Mwambie dokta kwa neno hilohilo, zinawaka, maana kuna dawa zake na parasetamoli haizitulizi. Asiweke miguu kwenye maji ya moto. Hasikii vizuri, ataungua bila kujua.

Na ile diazepamu, kidonge chake cha usingizi. Najua Kaka Mugisho aliinunua kwa moyo mzuri, na mwanzoni Mama alilala. Shida ni kwamba mwili unaizoea. Baada ya wiki chache miligramu 10 zinafanya kazi ndogo kuliko siku ya kwanza, ndiyo maana leo mnaniomba za kuongeza. Kwa mzee inatoka polepole sana. Ya jana bado imo ndani leo unapompa nyingine, ndiyo maana asubuhi anayumba na kusahau amekula nini. Tena umesema anakoroma, halafu kunakuwa kimya, halafu anavuta pumzi kwa nguvu. Mtu anayekata pumzi usingizini hatakiwi kulazwa zaidi. Sikiliza usiku mmoja, hesabu hivyo vimya vinafika sekunde 10 au zaidi mara ngapi kwa saa, umwambie dokta. Kwa sasa alale ubavu, na mto nyuma ya mgongo usimwache ageuke chali.

Lakini msiikate siku moja! Ikikatwa ghafla baada ya muda mrefu hivi, mgonjwa anatetemeka, anatoka jasho, halali kabisa, na anaweza kupata degedege. Dokta akikubali, njia ni hii. Ana vidonge 2 vya miligramu 5 kila usiku. Toa robo ya kidonge kimoja, abaki na 8.75, akae hapo wiki 2. Akiwa sawa, toa robo nyingine, abaki na 7.5, wiki 2 tena. Robo ziko 8, ni kama miezi 4. Akisumbuka, kaeni palepale wiki nyingine. Msirudi juu, wala msikimbie mwishoni, maana robo za mwisho ndizo ngumu. Ukimwona anatetemeka sana au anachanganyikiwa, usisubiri, mpeleke. Nunua kile kikatio cha vidonge, wembe unavivunja makombo. Na msibadilishe diazepamu kwa zile dawa za mafua na mzio zinazolaza. Kwa umri wake zinamvuruga akili na kumkausha mdomo.

Dawa zikishapangwa, ndipo mshughulikie kitanda. Ninaanza kwa kukuomba daftari. Kila asubuhi uandike: ameingia kitandani saa ngapi, anadhani alisinzia saa ngapi, ameamka mara ngapi, ameondoka saa ngapi. Makisio yanatosha, asiangalie saa usiku. Baada ya wiki 2 utaona yale ninayoyaona hapa kila siku. Mfano, anaingia saa 2 usiku, anatoka saa 12 asubuhi, hiyo ni saa 10, na alizolala hazifiki 6. Saa 4 anazikaa kitandani akigeuka, akiwaza risasi zinazolia usiku, akiwaza Baba, akinihesabia mimi dhambi. Kitanda kinakuwa mahali pa kukesha. Mwaka 1972 Mmarekani mmoja, Richard Bootzin, alitoa kanuni ya kuvunja mazoea hayo, na mpaka leo ndiyo tunayofundisha: kitanda ni cha kulala tu, ingia ukisinzia, siyo ukichoka, ukikaa kama dakika 20 bila usingizi, toka, kaa kwenye kiti gizani au kwa taa hafifu, rudi usingizi ukija, asubuhi amka saa ileile.

Kwa Mama maana yake ni kwamba rozari, simu na wageni vihamie sebuleni. Mwekee kiti chenye mgongo, kitenge cha kujifunika, na tochi iliyoelekezwa ukutani. Saa ya kulala msogezee nusu saa mbele kila wiki, asiingie kabla ya saa 2 na nusu, wiki inayofuata saa 3, mpaka afike saa 4 na nusu, na kuamka kuwe saa 11 na nusu kila siku. Hapo ni saa 7. Kwa kijana tungebana haraka, kwa mzee anayeyumba hapana. Wiki ya kwanza atalalamika kwamba mnamtesa. Mvumilie. Usingizi uliokuwa umetawanyika unaanza kukusanyika. Daftari likionyesha analala saa 6 katika zile 7, umpe robo saa zaidi.

Mchana alale dakika 30 tu, kabla ya saa 9. Asubuhi akae barazani upande wa ziwa, mwanga ndio unaoweka saa ya mwili. Chai ya majani iishie mchana: anayokunywa saa 11 jioni, nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa 4 usiku. Kasiksi, ile pombe ya ndizi ya Baba Mdogo, asimwonjeshe, inalaza mwanzoni na kuamsha saa 8, na kwa glibenklamidi inashusha sukari. Kesha la Ijumaa simkatazi. Jumamosi aamke saa yake na apumzike hizo dakika 30, asilale kutwa.

Kuhusu risasi za usiku, sijui niseme nini kutoka huku. Hapa ni kimya kiasi kwamba nasikia friji, na ningetoa mshahara wa mwezi kusikia mvua ikipiga bati letu na Mama akikohoa chumba cha pili. Lakini kama Mama hali chakula, analia bila sababu, au anasema amechoka kuishi, usingoje tarehe ya dokta. Mpeleke siku hiyohiyo.

Namba ya kuchukulia pesa nimekutumia kwenye simu. Nenda wewe mwenyewe, usitume mtu. Picha ya kikaratasi cha vidonge vya magoti niipate kabla kesho haijaisha. Daftari unipigie picha kila Jumapili. Na Mama Neema anarudi huku mwezi wa 12, mpe kilo ya sambaza kavu, wale samaki wadogo, za Kadutu, azifunge mara mbili kwenye mfuko, mwaka jana walimfungulia mzigo kwa ajili ya harufu.

Mdogo wako,
Furaha