Upande wa Pili wa Msumeno

Winston-Salem, North Carolina
Jumapili jioni

Baba na Mama,

Kamwene, na shikamooni. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika. Wiki hii nimeshika zamu nne za usiku mfululizo, na baadhi ya wazee wetu ni wazito kuwageuza kitandani. Natumaini hamjambo, mahindi yameshaingia ghalani na kikohozi cha Baba kimepungua. Barua hii isomwe kwa sauti, kitinda mimba wetu akiwepo. Nikimtaja msiruke.

Jumanne nilikuwa mapumziko, nikaomba lifti hadi Boone, saa moja na nusu hivi kutoka hapa, milimani. Baba, ungepapenda. Ukungu, misitu, baridi ya kuingia kwenye mifupa, na kanisa kila ukikata kona. Hata gongo walikuwa nayo: wilaya ya jirani, Wilkes, ilivuma zamani kwa kuipika vichakani usiku. Ni Mufindi iliyokosa mashamba ya chai tu.

Nilikwenda kuona sanamu. Pale King Street kuna benchi, na kwenye benchi ameketi mzee wa shaba anapiga gitaa. Anaitwa Doc Watson. Nilimjua kupitia babu mmoja ninayemhudumia. Haongei siku hizi, lakini ukimwekea nyimbo za Doc vidole vinaanza kutembea juu ya shuka. Ni muziki wa milimani. Wale kina Jim Reeves na Don Williams wa kwenye kaseti zako, Baba, hawa ndio wajomba zao wa kijijini.

Doc alizaliwa mwaka 1923, huko Deep Gap karibu na Boone. Hakuwahi kujua kuona ni nini. Ugonjwa wa macho ulimpofusha kabla hajatimiza miaka miwili, kama surua ilivyomfanyia mdogo wangu.

Nilikaa pembeni yake kwenye benchi. Nilitaka kupiga picha, nikajicheka: picha ya nini kwa mtu ninayemletea habari? Nikavua glavu nikampapasa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja. Mdogo wangu, shaba ilikuwa ya baridi kama sufuria iliyolala nje. Vidole vimepinda, vimekaza kwenye nyuzi. Mimi gitaa silijui, wewe ungeshika mara moja ukatuambia anapiga nini. Wenye mji walipotaka kumwekea sanamu hiyo mwaka 2011, akiwa bado hai, aliwaomba waandike tu kwamba yeye ni mmoja wa watu. Ndivyo walivyoandika.

Sasa Baba, hapa ndipo ninapokutaka.

Baba yake Doc alikuwa mkulima na kibarua, mwenye watoto tisa na mfuko mtupu. Kanisani kwao, Wabaptisti, yeye ndiye aliyeongoza uimbaji. Kila Krismasi yule mtoto alipata kinanda kipya cha mdomo. Alipofika miaka kumi na mmoja, baba yake akamchongea banjo kwa mkono wake, akaiwamba ngozi ya paka. (Mama, usishtuke. Paka alikuwa wa bibi yao, alishakuwa mzee sana.) Akamkabidhi akamwambia ajifunze kuipiga vizuri, huenda ikamsaidia kupita katika dunia hii.

Hilo la banjo watu hulipenda sana. Mimi lililonikaa ni la baadaye kidogo. Kijana alipofika kama miaka kumi na minne, baba yake alimpeleka porini, akamshikisha upande mmoja wa msumeno mrefu wa watu wawili, naye akashika upande wa pili. Wakakata magogo. Alipokuwa mzee mwenye tuzo tele, Doc alikuwa akisema kwamba msumeno ule ndio uliomwonyesha kwamba upofu haumfanyi mtu asiyeweza kitu. Baadaye yeye na kaka yake wakawa wanakata miti ya chestnut iliyokufa kwa ugonjwa, wanaiuza kwa wasindika ngozi, kama miwati ya Njombe. Hela ile akanunulia gitaa. Alipooa, kabla jina halijatoka, alilisha wanawe kwa kutengeneza piano za watu zilizopoteza sauti.

Baba, najua unachofikiria. Unafikiria shimo.

Nami ndilo ninalolifikiria kila siku. Siku ile mdogo wangu alipotumbukia kwenye shimo la kupasulia mbao alikuwa na miaka saba, na mkono wake ulikuwa mkononi mwangu. Niliuachia nikaokote maparachichi. Ulimtoa mwenyewe, damu kichwani, na hukunigombeza hata kidogo, heri ungenigombeza. Tangu siku ile hajagusa jembe, shoka wala kiberiti. Anashikwa mkono kwenda kwaya, anashikwa mkono kurudi, anawekwa kwenye kigoda barazani na gitaa lenye nyuzi tano. Ana miaka kumi na saba, Baba. Shuleni kwa wasioona alikuwa anafua, anachota maji, anatandika kitanda. Karudi nyumbani akawa yai.

Simuombei kwenda mjini. Sisemi atakuwa Doc Watson. Najua pia kwamba siku hizi mbao zinapasuliwa na mashine za dingdong, na huko sitaki asogee. Lakini msumeno wa babu bado umening'inia nyuma ya jiko, na kuni za Mama lazima zikatwe. Laza gogo kwenye viegemeo, mshikishe upande mmoja, wewe shika mwingine. Msumeno ule hausukumwi, unavutwa kwa zamu. Unajua kama mwenzako amechoka kwa mkono tu, huhitaji kumwangalia. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia hivyo.

Nimemtaja mke wa Doc? Rosa Lee, binti wa mpiga fidla. Mtoto wao wa kiume, Merle, alijifunza gitaa kwa mama yake wakati Doc yuko safarini. Baba aliporudi akakuta mpiga gitaa nyumbani. Wakazunguka pamoja kama miaka ishirini, hadi Oktoba 1985, trekta ilipompindukia Merle akafa, miaka 36. Doc alitaka kuacha muziki kabisa. Alisimulia mwenyewe kwamba kabla ya maziko aliota yuko gizani, anazama, ukaja mkono wa Merle kumvuta, na sauti ikimwambia aendelee. Akaendelea. Mpaka leo kule Wilkesboro kuna tamasha lenye jina la Merle kila mwaka, na Jumapili asubuhi Doc alikuwa akiimba tenzi tupu. Alifariki hapa hapa mjini kwetu, tarehe 29 Mei 2012, ana miaka 89.

Nilisoma habari ya ile ndoto nikiwa zamu, saa tisa usiku. Nikaenda stoo nikalia. Baba, wewe ni mzee wa kanisa, ndoto utazipima mwenyewe. Mimi nilichokiona ni mkono, basi.

Nimetuma pakiti tatu za nyuzi. Ule mwembamba kabisa ndio hukatika kwanza, kwa hiyo nimeongeza mitano peke yake. Mama, kitenge ni chako, si cha kumpa mama mkubwa. Hela ya tupa ya kunolea msumeno iko ndani ya bahasha ndogo, Baba. Meno yake yatakuwa yameshika kutu.

Binti yenu.

Mdogo wangu, usivae viatu vya kwaya siku hiyo.