Barua kwa Baba Neema: usizing'oe sensa za mlango wa gereji

Columbus, Ohio
9 Novemba

Ndugu yangu Baba Neema,

Salaam nyingi kwako, kwa Mama Neema na watoto. Huku hatujambo, ila baridi imeanza, na najua huko Minnesota kwenu imeshatangulia.

Umeniandikia kwamba mlango wa gereji asubuhi unafunga vizuri, lakini alasiri unagoma: unatikisika tu, haushuki, na taa ya mota inapepesa. Siku nyingine unafika katikati, kisha unarudi juu. Jirani naye amekushauri uzing'oe sensa mbili za chini na kuzifunga pamoja darini zikitazamana, ili mlango usikusumbue tena. Nakuomba usifanye hivyo, ndugu yangu. Ukizipandisha darini zitaonana siku zote, na mlango utashuka hata kama mtoto amelala chini yake. Sheria ya Marekani inataka kila mashine ya mlango wa gereji wa nyumbani iliyotengenezwa tangu 1 Januari 1993 iwe na kinga ya aina hii, na iliwekwa kwa sababu watoto walikuwa wakibanwa na milango hiyo na kufa. Mlango wako unaogoma unafanya kazi yake. Tutafute unaona nini.

Kwanza ujue sensa zinavyofanya kazi. Moja inatuma mwali wa mwanga usioonekana kwa macho, nyingine inaupokea. Mota yako ni Chamberlain, kwa hiyo inayotuma ina taa ya rangi ya chungwa, ambayo huwaka muda wote ikiwa umeme unafika. Inayopokea ina taa ya kijani, ambayo huwaka ikiwa tu inauona ule mwali. Mwali ukikatika, mlango uliokuwa unashuka hurudi juu, na uliokuwa wazi hukataa kushuka. Taa ya mota hupepesa mara 10. Basi taa ya kijani ndiyo ya kuitazama kuliko kitu kingine chochote. Ikizimika au ikicheza, tatizo liko kwenye sensa au waya zake. Lakini mlango ukifika hadi sakafuni, ukagusa, ndipo ukarudi juu, na taa ya kijani haijatetereka, hapo ni mpangilio wa mwendo wa mota, na sensa usiziguse.

Anza na usafi. Futa vioo vyote viwili kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji, kisha kwa kikavu. Usitumie tina wala petroli, maana vioo ni vya plastiki na vitafifia. Ondoa utando wa buibui, majani, na ule ufagio ulioegemezwa karibu na reli. Siku ukipulizia roli na bawaba dawa ya kulainisha, zifunike sensa, kwa kuwa ukungu wa mafuta ukitua kwenye kioo unakamata vumbi lote la gereji.

Halafu tazama zinavyoelekeana. Zote ziwe kwenye kimo kimoja, kisichozidi inchi 6 (sm 15) kutoka sakafuni. Kimo hicho kimechaguliwa ili mwali umwone hata mtoto aliyejilaza. Vuta uzi wa fundi kutoka katikati ya kioo kimoja hadi katikati ya kingine, na uweke pimamaji juu yake. Legeza nati ya kipepeo ya sensa yenye taa ya kijani, uigeuze taratibu mpaka taa iwake imara bila kucheza, kisha kaza kwa vidole. Ukikaza kwa koleo unaweza kuisogeza tena au kupasua breketi, yaani kishikilio cha sensa.

Sasa kuhusu kurudi katikati ya safari. Kama kuna kitu kinaziba mwali tangu mwanzo, mlango hauanzi hata kushuka. Ukishuka na kurudi katikati, mwali umekatika njiani, na mara nyingi chanzo ni mtikisiko: breketi zimechomekwa kwenye reli yenyewe, reli inatetemeka, na sensa inayumba kiasi cha kupotezana na mwenzake. Mwambie Mama Neema abonyeze swichi, wewe uchuchumae ndani ya gereji pembeni, uitazame taa ya kijani mlango unaposhuka. Ikicheza wakati roli zinapita, kaza bolti za reli na breketi. Breketi ikiwa imechoka na haishiki, hamishia sensa kwenye breketi ya kufungwa ukutani kwa skrubu za mbao.

Kugoma alasiri ni jambo jingine, na hapo nalishuku jua. Umesema gereji yako inatazama magharibi. Maana yake sensa moja iko upande wa kaskazini wa mlango, nyingine kusini. Miezi hii jua la Minnesota liko chini sana, upande wa kusini-magharibi, na linaingia moja kwa moja kwenye sensa iliyo kaskazini, kwa kuwa inatazama kusini. Kama hiyo ndiyo inayopokea, jua linaufunika ule mwali mdogo. Jaribu hivi: saa ya kugoma ikifika, simama nje na uitie sensa ya kijani kivuli kwa ubao, bila kukatiza mwali. Taa ikiwaka palepale, umempata mhalifu. Dawa ni kubadilishana mahali: inayopokea ihamie kusini, itazame kaskazini, jua la majira ya baridi liwe mgongoni kwake. Chomoa kwanza plagi ya mota kule darini. Kata waya za kila sensa, hamisha, unga tena nyeupe kwa nyeupe na yenye mstari kwa yenye mstari. Sensa zote mbili zinaishia kwenye sehemu zilezile za mota, kwa hiyo kubadilishana hakuharibu kitu.

Ukiziunga waya, zikague pia. Ni nyembamba, za geji 22, zenye volti chache tu, na huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni stepla iliyopigiliwa kwa nguvu mpaka ikakata ganda na kugusanisha shaba mbili. Ya pili, ambayo kwenu ni kubwa zaidi, ni chumvi ya barabarani: theluji inayoyeyuka chini ya gari inaimwaga sakafuni, inarukia maungio, na shaba inageuka kijani. Kata sehemu iliyooza mpaka ukute shaba inayong'aa, vua ganda kama milimita 11, unga upya kwa vifuniko vya kuungia vyenye jeli ndani, na uyaweke maungio juu zaidi ya sensa, mbali na maji.

Mota yako ikiwa ya aina yenye mishale miwili inayopepesa, itakusaidia. Mshale wa juu mara 1 na wa chini mara 1: waya zimekatika au hazijaungwa. Juu mara 1, chini mara 2: zimegusana au zimegeuzwa. Isipokuwa na mishale, zifungue sensa, zipeleke karibu na mota, uziunge kwa vipande vya waya mpya vya kama sm 30 na uzitazamanishe. Zikiwaka zote mbili, sensa ni nzima na waya wa ukutani ndio mbovu. Zisipowaka, nunua jozi nzima inayolingana na kibandiko cha mota. Sensa za Genie, kampuni nyingine ya mota, hazitafanya kazi kwenye Chamberlain.

Ukikwama na mlango ukiwa wazi usiku, bonyeza swichi ya ukutani bila kuiachia mpaka mlango uguse chini. Hiyo inaruka sensa, kwa hiyo usiufanye mtindo, na simama mahali unapoona mlango wote.

Ukimaliza, jaribu, na uwe unajaribu kila mwezi. Weka boksi katikati ya mwali, bonyeza rimoti: mlango usishuke. Ondoa boksi, acha ushuke, kisha katiza mwali kwa mpini wa ufagio, usitumie mguu: lazima urudi juu. Mwisho laza chini ubao uitwao wa inchi mbili kwa nne, katikati ya mlango, wenye kimo cha inchi 1½ (ndivyo unavyopimika kweli, si inchi 2), ufunge mlango: ukigusa ubao lazima urudi. Jaribio hili la tatu usiliruke. Mwali ni mstari mmoja tu, na bampa la gari lililoinuka linaweza kuwa juu yake bila kuonekana. Ukishindwa hapo, acha kutumia mota na uite fundi. Springi kubwa iliyo juu ya mlango usiiguse kabisa, imebeba uzito wote wa mlango na ikifyatuka inavunja mkono.

Leo jioni kazi yako ni ile ya kivuli tu. Niandikie taa ya kijani iliko, kaskazini au kusini, na ilifanya nini ulipoikinga jua. Kabla hujabadilisha chochote piga picha za waya kule kwenye mota, unitumie.

Wasalimie watoto, na uwaambie wasipite chini ya mlango unaotembea.

Ndugu yako,
Hamisi