Kwa Nini Miwani Mpya Huisogeza Sakafu

Siku chache baada ya kuchukua miwani yake, mteja wetu mmoja, bibi anayeishi ghorofani katika Mji wa Kale, Mombasa, alirudi dukani akiwa ameishika mkononi badala ya kuivaa. "Mwanangu, hii miwani imeniinulia ngazi," alisema, akatuonyesha palepale mlangoni jinsi anavyoshuka: kiganja ukutani, na ncha ya mguu ikipapasa hewani kutafuta kidato ambacho macho yalikwisha kumwambia kuwa amekifikia. Lalamiko lake lilikuwa la kweli kabisa.

Jicho halina futi ya kupimia. Linachopokea ni taswira inayoangukia retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na taswira hiyo hupungua kadiri kitu kinavyokwenda mbali, hivi kwamba mtu aliye umbali wa mita 4 huacha taswira yenye kimo cha nusu ya ile aliyoacha akiwa mita 2. Hata hivyo hatumwoni kuwa amefupika, kwa sababu ubongo hukadiria umbali kwanza, kisha huutumia kukadiria ukubwa. Husaidiwa na macho mawili, ambayo mboni zake kwa mtu mzima huachana kwa takriban sentimita 6 na kila moja huona kwa pembe yake, na pia na vitu vinavyofunika vingine, vivuli, na ukubwa wa vitu tulivyovizoea. Makadirio hayo yaweza kutupoteza hata bila miwani: mwezi mpevu unapochomoza baharini, ukitazamwa kutoka ufuo wa Mama Ngina, huonekana mkubwa mno kuliko ukiwa utosini, ilhali ukinyoosha mkono, ukucha wa kidole cha mwisho huufunika nyakati zote mbili.

Miwani huingia katikati ya hesabu hiyo. Lenzi za hasi, wanazovaa wasioona mbali, hupunguza taswira, na lenzi za chanya huikuza, kwa kawaida kwa asilimia 1 hadi 2 kwa kila namba moja ya nguvu ya lenzi. Ni badiliko dogo, lakini ubongo hulisoma kama umbali: kilichokua kimesogea karibu, kilichopungua kimerudi nyuma.

Bibi yetu alikuwa na lenzi za sehemu mbili, na sehemu ya chini, iliyokusudiwa kitabu kilichoshikwa sentimita 40 hivi kutoka usoni, ndiyo iliyokuwa ikimkuzia na kumtia ukungu vidato vilivyo mbali zaidi ya hapo. Tulimwomba ainamishe kichwa anaposhuka, ili atazame kupitia sehemu ya juu. Kwa maoni yetu, mtu mzima anayetumia ngazi kali kila siku anastahili miwani ya pili ya kutembelea, yenye lenzi za kuonea mbali pekee, nasi tulimshauri hivyo.

Wateja wengi huzoea miwani mpya katika wiki moja au mbili. Lakini ukiona vitu viwili viwili, ukiumwa na kichwa bila kupoa, au ikiwa namba za macho yako zinatofautiana sana, usivumilie. Rudi tupime kama katikati ya kila lenzi panalingana na mboni yako. Ukija, tafadhali tueleze ni wapi hasa mguu ulipokosea, iwe ni ngazini, kwenye mteremko wa feri ya Likoni au ukiteremka matatu, kwani umbali wa mahali hapo hutuonyesha sehemu ya lenzi ya kuanza kuikagua.