Kabla ya Kuongeza Tomu, Tazama Pedali

Wateja wengi wanaotuletea seti za dramu kwenye karakana yetu hutoka kwenye kwaya na bendi za makanisani, na ombi lao kubwa ni tuwaongezee tomu (ngoma ndogo ya kupigwa kwa fimbo) au toazi jingine. Tukikagua, tunakuta pedali ya besi, ile ngoma kubwa ya chini, inalia, springi imelegea, nyundo inagonga upande. Hapo tunashauri pesa ya tomu isubiri.

Dramu tunazozijua zimejengwa juu ya mguu. Zamani katika bendi za Marekani mmoja alipiga besi na mwingine sneya, ngoma yenye nyuzi chini yake zinazochakarika. Aliyekuwa peke yake alizisogeza ngoma karibu na kuzipiga zote kwa mikono. Mwaka 1909 William F. Ludwig wa Chicago alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya pedali iliyoweza kwenda na kasi ya muziki wa wakati ule. Mguu ukachukua besi, mikono ikawa huru.

Msikilize mpiga dramu Baby Dodds wa New Orleans kwenye rekodi za bendi ya jazi ya King Oliver za 1923. Utasikia zaidi vibao vya mbao, kwa sababu walirekodi kwa pembe, bila maikrofoni, na kishindo cha besi kingeweza kuirusha sindano iliyochora rekodi. Ukumbini alipiga besi na sneya kwa ukamilifu.

Miaka ya 1920 ikielekea mwisho ikaja hai-hati, matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu. Mpiga dramu Jo Jones, katika bendi ya jazi ya Count Basie, akaihamishia mapigo ya kushika mwendo, na besi akaigusa kwa upole. Sisi tunamwona yeye ndiye mwalimu bora kwa anayepiga kwenye ukumbi mdogo: mwendo unasikika, waimbaji hawazami. Baadaye mpiga dramu mwingine wa jazi, Kenny Clarke, akauhamishia mwendo kwenye toazi kubwa, besi ikabaki ya mapigo ya ghafla ya kushtua.

Kwenye karakana tunasafisha ekseli, tunabadilisha springi na kunyoosha nyundo. Kwa hai-hati tunakaza skrubu iliyo chini ya toazi la chini ili liiname kidogo. Matoazi mawili yakilaliana sawasawa hubana hewa na sauti hufa. Ukileta pedali, mpigaji mwenyewe aje nayo, na viatu anavyopigia, maana mkazo wa springi tunaupima kwa mguu wake.